Bahasha Tano za Arlys

Mambo yaliharibika Jumamosi ya tarehe 17 Januari, saa nane na dakika kumi mchana, mjini Delavan, Wisconsin, pale Corinne Brezinski alipobonyeza kitufe bila kusoma kilichoandikwa juu yake. Supu ya kuku ilikuwa mezani, mvuke wake umefunika vioo vya dirisha. Nje theluji ilikuwa imefika kizingitini. Mjomba wake, Merle, alikuwa ameshaanza kurusha dadu kwa mkono mmoja huku anakula jibini kwa mkono wa pili.

"Bonyeza basi, binti," Merle alisema. "Miaka kumi na tisa tunaupanda mto mkavu, leo unatuchelewesha kwa makaratasi ya wanasheria?"

"Ni kurasa arobaini za masharti mapya, Mjomba."

"Nani anasoma kurasa arobaini? Hata walioziandika hawajazisoma."

Wote wakacheka, hata Lyle, baba yake Corinne, ambaye tangu Oktoba hakuwa mtu wa kucheka. Meza nzima ya mchezo wao, hadithi ya dadu ambayo kila mtu huigiza mhusika wake, ilikuwa watu wanne. Lyle alikuwa amestaafu kiwanda cha pampu. Merle, shemeji yake, aliendesha basi la shule. Toua Lor alikuwa fundi mitambo aliyefanya kazi na Lyle miaka kumi na minne na hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja. Corinne alikuwa mpokea wageni wa daktari wa meno, amerudi kukaa kwa baba yake baada ya ndoa kuvunjika. Wa tano, Arlys, mke wa Lyle, mpishi wa shule na mwenye meza, yaani yule anayeujua mchezo mzima na kuwasimulia wenzake, walikuwa wamemzika mwezi wa Oktoba.

Arlys hakuwaacha hivi hivi. Alipoambiwa na madaktari, aliandika mwisho wote wa hadithi, akaugawa mafungu kumi na sita, akayaita bahasha. Dawa za saratani zilikuwa zimemtia ganzi vidole na kalamu haikushikika, kwa hiyo aliyachapa kwa kidole kimoja kwenye kompyuta, ndani ya meza ya mtandaoni ya kampuni yenye mchezo. Corinne alipewa neno la siri na amri moja: kila Jumamosi afungue bahasha moja, asome kwa sauti, asiguse inayofuata. Kumi na moja zilikuwa zimefunguliwa. Zilibaki tano. Humo ndimo lilimokuwa jibu la nani aliyeukausha mto. Na humo, Arlys alimwambia Lyle siku ya mwisho aliyoweza kuongea vizuri, "kuna neno lako. Usichungulie. Ufike kwa miguu yako."

Corinne akabonyeza Nakubali.

Kioo cha kompyuta kikawa cheupe, halafu yakatokea maandishi makubwa ya furaha, na sauti ya mwanamke ikayasoma: "Karibu kwenye meza mpya, Arlys! Kwa usalama wako, tunahitaji kuuona uso wako. Tazama kamera, kisha pepesa macho."

Merle aliacha kutafuna.

"Inamwambia nani?" Lyle aliuliza.

"Mama," Corinne alisema. "Inamtaka Mama."

Walijaribu kila kitu walichokijua, nacho hakikuwa kingi. Corinne aliingiza neno la siri mara tatu. Toua alizima kompyuta akaiwasha. Mwishowe Lyle akainuka, akaitoa ukutani picha ya maonyesho ya wilaya, Arlys ameshika sahani ya pai na utepe wa mshindi wa tatu, akaisimamisha mbele ya kamera.

"Sogea karibu kidogo," ilisema sauti.

Lyle akasogea.

"Vizuri sana, Arlys! Unapendeza. Sasa pepesa macho."

Lyle akaiinamisha picha kidogo, akainyanyua tena.

"Pepesa macho, Arlys."

"Mtu angeweza kuyatoboa macho ya picha," Merle alisema polepole, "akakaa nyuma yake, akapepesa ya kwake."

"Mjomba!"

"Nasema tu."

"Ni dada yako!"

"Ndiyo maana nasema. Kwani hao wamenipa njia gani nyingine?"

"Pepesa macho, Arlys," sauti ilirudia, bila kuchoka na bila kuona haya. Kisha maandishi yakabadilika: majaribio yamekwisha, subirini siku saba. Akaunti ambayo mwenyewe hatajithibitisha hadi tarehe 14 Februari itafutwa pamoja na vyote vilivyomo.

Lyle aliirudisha picha kwenye msumari wake, akainyoosha, akaendelea kuinyoosha ilhali ilikuwa imenyooka.

"Barua ya Desemba," Corinne alisema nyuma yake. "Baba, nilikuonyesha ile barua. Waliandika kwamba kuna kitufe cha kupakua kila kitu. Dakika mbili tu. Nikakwambia nipakue, ukanikatalia."

"Ungepakua ungeona."

"Ningefumba macho!"

"Hakuna anayefumba macho. Mambo ya mwenye meza hayachunguliwi. Mama yako alisema."

"Mama alisema tusichungulie. Hakusema tuyaache yafe."

Toua aliangalia bakuli lake. Wote wanne wangeweza kuzisoma bahasha zile siku yoyote ya miezi mitatu. Kompyuta ilikaa hapo hapo kwenye kabati la sahani, wazi, haina kufuli. Merle mwenyewe aliwahi kubaki peke yake nayo saa nzima, akisubiri tairi lake litengenezwe, na hakuigusa. Watu wa meza ile waliweza kudanganya kodi, wangeweza hata kudanganya uzito wa samaki, lakini maandishi ya mwenye meza hawakuyachungulia. Na kampuni, ambayo ilikuwa imetajirika kwa watu wa namna hiyo hiyo, haikuwa na sehemu yoyote katika kurasa zake arobaini iliyofikiria kwamba kuna watu wa namna hiyo.

Na kwa nini iwafikirie? Zamani mchezo huu ulitaka kitabu kimoja, dadu, penseli na marafiki. Mtu akishanunua kitabu basi, kimekwisha, atacheza miaka thelathini na asirudi dukani. Wakubwa wakakaa kwenye vikao vyao wakaliona hilo ni ugonjwa. Wakaanza kutafuta namna ya kumkodisha mtu kitu kilichokuwa chake. Waliita huduma. Waliita mustakabali. Majina mazuri hayajawahi kuwaishia.

Jumatatu asubuhi Lyle alipiga simu mwenyewe. Alingoja dakika hamsini na mbili huku anapigiwa sikioni muziki wa kungojea, tarumbeta za vita. Aliyepokea alikuwa kijana anayeitwa Kaysen, sauti yake ya upole kama ya muuguzi.

"Pole sana kwa kumpoteza Arlys, Lyle."

"Una miaka mingapi wewe?"

"Ishirini na miwili."

"Basi niite Bwana Brezinski."

"Sawa, Bwana Lyle."

Lyle akavuta pumzi. "Nataka maandishi ya mke wangu. Nitakutumia cheti cha kifo, cheti cha ndoa, chochote."

"Cheti cha kifo usitume!" Kijana akashusha sauti. "Samahani. Nikikipokea, mfumo unaifunga akaunti siku hiyo hiyo. Ruhusa ya kutumia meza anapewa mtu, na mtu akiondoka ruhusa inaondoka. Hairithiwi. Iko kwenye masharti."

"Kwa hiyo mke wangu akiwa hai lazima apepese macho, na akiwa amekufa mnamfuta."

"Mimi sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

Vidole vya Kaysen vikasikika vikichapa. "Ipo njia moja, Bwana Lyle. Inaitwa Mpango wa Simulizi Endelevu. Mwenye meza wetu wa kompyuta anasoma kila alichoandika Arlys, halafu anaendesha mchezo kwa mtindo wake. Ukijiunga kabla ya tarehe 14 hakuna kitakachofutwa. Uso hauhitajiki."

"Kwa nini hauhitajiki?"

"Kwa sababu hakuna mtu atakayeyaona maandishi. Ni mashine tu."

Lyle akauhamishia mkono wa simu sikio la pili, kama vile tatizo lilikuwa sikio. "Ngoja. Mashine yenu inaruhusiwa kusoma alichoniandikia mke wangu. Mimi siruhusiwi."

"Ni kwa ajili ya kulinda faragha yake."

"Dhidi ya nani?"

Kaysen alisikika akigeuza karatasi yake. Akasoma bei. Kiti cha mwenye meza dola thelathini na moja kwa mwezi, kiti cha mchezaji dola tisa, mkataba wa mwaka mzima, mwaka wa kwanza wote unalipwa mwanzoni. Akauliza kama kuna jambo lingine analoweza kumsaidia leo. Baada ya hapo ulikuja ujumbe ukimwomba Lyle ampe Kaysen nyota, moja hadi tano. Lyle alimpa tano. Alijua anayepigwa kwa hizo nyota si mwenye kampuni.

"Siendi kukaa na hicho kidude," Merle alisema Jumatano, amesimama jikoni na buti zake zinadondosha maji. "Kitamchezesha dada yangu kama kikaragosi. Kitaweka maneno yake na maneno ya kwao, kikoroge, kituletee kwenye kikombe kimoja. Utajuaje yapi ni yapi?"

"Sitajua," Lyle alisema.

"Na utalipa?"

"Zikifutwa, Mjomba," Corinne aliingilia, "hatutapata hata uongo."

Merle alimtazama mpwa wake, kisha akavuta kiti, akakaa.

Mashine ya kuondoa theluji iliuzwa Alhamisi kwa mtu mmoja wa mji wa Walworth, ambaye alipunguza bei mara mbili kwa sababu alikuta njia ya gari imejaa theluji na akaelewa kwamba muuzaji ana haraka. Ijumaa Lyle alikuwa nje na koleo, miaka sitini na saba, anachota theluji kidogo kidogo. Jirani wa ng'ambo ya barabara alizima injini ya mashine yake mpya, akapaza sauti, "Yako imeharibika, Lyle? Nije?" Lyle akapunga mkono kwamba hapana, mazoezi tu, daktari kasema.

Pesa ile ilitosha kiti cha mwenye meza na viti vitatu. Kilipungua kimoja. Corinne alisema atalipa kwa kadi yake, Merle akasema wagawane, lakini kiwanda kilikuwa kimempunguzia Toua zamu, na Toua alikuwa na aibu ya mtu aliyezoea kulipa chake.

"Mimi nitanyamaza," alisema. "Nitaandika ninachofanya, Merle atasoma. Kunyamaza si kazi kwangu, nimeoa miaka ishirini na sita."

Hivyo ndivyo walivyokaa Jumamosi ya tarehe 31. Kamera ilikuwa juu ya kompyuta na maiki katikati ya meza, kando ya bakuli la jibini. Corinne, ambaye kwa wiki kumi na moja alikuwa anasoma, sasa alikuwa na mikono mitupu na hakujua aiweke wapi.

"Salamu, mashujaa!" mashine ilisema. Ilikuwa ile sauti ya pepesa macho. "Mmesimama kwenye mto mkavu, mawe meupe kila upande..."

Toua akaandika, akasukuma kipande cha karatasi. Merle akasoma: "Natafuta nyayo." Ikawa hivyo mchana kutwa, Merle anacheza watu wawili, na akijisahau anabishana na yeye mwenyewe. Mara moja Toua alipiga chafya.

"Nimesikia sauti ya nne," mashine ilisema kwa uchangamfu. "Je, mngependa kumwongezea rafiki yenu kiti?"

"Mbwa huyo," Merle alisema.

"Hongera kwa mbwa wenu!"

Toua alitoka akamalizia chafya yake barazani, kwenye baridi, bila koti. Alivyorudi hakuna aliyemtazama usoni.

Wiki iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi. Lyle alicheza kama Bodrik, mhunzi mzee mwenye mguu mbovu, na Bodrik alipofika kwenye lango la mawe, pale ambapo pangekuwa na neno zito, mashine ilisema kwamba kuna Nyundo ya Alfajiri inayovunja mawe yote, dola nne na senti tisini na tisa, leo tu.

"Mwambie ajipige nayo kichwani," Merle alisema.

"Samahani, sijaelewa kitendo chako. Unampiga nani?"

Corinne akacheka kwa uchungu, halafu akaacha. Alikuwa anamwangalia baba yake, ambaye hakuwa amesikia utani wala tangazo. Lyle alikuwa ameinamia maiki, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza injini ili ajue kinachogonga ni nini. Kila sentensi ilipopita alikuwa anaipima: hii yake, hii si yake. "Mawe meupe kama mkate" yake. "Tukio la kusisimua" si yake. Alikuwa amekonda. Corinne alimwambia mjomba wake kwamba hata usingizini baba yake anasema hivyo hivyo: yake, si yake.

"Tuache, Baba," alimwambia walipokuwa wanaosha vyombo. "Tuseme tulifika hapa, basi."

"Zimebaki tatu."

"Huna uhakika hata kama inazifuata hizo bahasha."

"Zimebaki tatu, Corinne."

Tarehe 14 Februari, siku ambayo kampuni ilikuwa imepanga kufuta, wakafika kwenye chemchemi. Nje kulikuwa kweupe na kimya. Nyama na viazi vilikuwa vimepoa kwenye sahani. Mashine ilishusha sauti, na kwa mara ya kwanza haikuwaita mashujaa.

"Juu kabisa pana jiwe bapa, na juu ya jiwe amekaa mwanamke, miguu yake imening'inia ndani ya shimo. Anasema: Mimi ndiye niliyeufunga mto. Mngekuja kwa boti, mngefika kwa siku moja. Nilitaka mtembee."

Merle akapiga meza hadi dadu zikaruka. "Huyo ni Arlys! Lyle, huyo ni dada yangu mtupu! Miaka kumi na tisa anatutembeza kwa ubishi tu!"

"Au ndivyo inavyomwambia kila mtu," Corinne alisema.

Mashine iliendelea. "Mwanamke anamgeukia Bodrik peke yake. Anasema: Ulikuwa unavua buti zako kwenye korido, unaingia na soksi, ili usiniamshe. Kila siku ulidhani nimelala. Nilikuwa macho. Nilikuwa nazihesabu hatua zako."

Uma wa Lyle ulianguka. Hakuuokota.

Siku zote za hospitali alivua buti zake nje ya chumba. Zilikuwa buti za kiwandani, zenye chuma, na sakafu ile ilipiga kelele. Aliingia kwa soksi, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akamwangalia mke wake akiwa amefumba macho, na mambo aliyomwambia alimwambia kwa sababu alijua hasikii. Aliomba msamaha wa vitu viwili. Kisha alitoka na soksi zake.

"Baba," Corinne alisema taratibu. "Habari za buti uliwahi kumwambia mtu?"

Toua alishika penseli, akaiweka chini, akafungua mdomo.

"Aliniambia mimi," Toua alisema. "Wiki ya mazishi. Hapa hapa mezani. Kompyuta ilikuwa imewashwa."

"Nimesikia sauti ya nne," mashine ilisema. "Je, mngependa kumwongezea—"

"Mwongezee!" Merle alifoka. "Mwongezee kiti, mwongezee na kitanda, ila unyamaze!"

Corinne alikuwa ameshika mkono wa baba yake. "Basi iliyasikia hapo. Ilichukua buti na soksi, ikaongezea mengine. Inatuambia tunachotaka, ndiyo kazi yake."

"Za buti ilisikia," Lyle alisema. Aliongea polepole sana. "Nilimwambia Toua za buti. Nilimwambia amelala. Nilisema hivyo, amelala, hajui. Sivyo, Toua?"

"Ndivyo ulivyosema."

"Kwa hiyo kwamba alikuwa macho, sikusema mimi."

"Mtu yeyote angeweza kubuni hilo, Baba."

"Angeweza."

"Au Mama aliandika."

"Au aliandika." Akauachia mkono wa binti yake. Akaivuta kompyuta hadi ikagusa sahani yake, uso kwa uso na kamera, akaweka vidole pande mbili za kioo kama anavyoshikwa mtu mashavu. Iwapo Arlys alikuwa macho, basi alimsikia akiomba msamaha wa yote mawili. Mikononi mwa kampuni, kwenye chuma fulani cha kompyuta, katika mji asiowahi kuuona, kulikuwa na ukurasa mmoja uliojua, na waliokuwa na ufunguo wake hawakuwa na habari kwamba Lyle Brezinski yupo duniani.

"Nisikilize wewe," alisema. "Sichezi sasa. Si Bodrik anayeuliza. Nani alikwambia kwamba alikuwa macho?"

Vitone vitatu, alama ya mashine inayoandaa jibu, vikaanza kuzunguka kwenye kioo.